Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, shikamooni. Tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama, maana barabara ya kuja kwetu msimu huu wa mvua tunaijua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ulipopita kwenye meza yetu uliona glasi mbili za maji ya mrututu, yaani chumvi ya shaba yenye rangi ya bluu. Moja tulitia msumari, nyingine stilwaya ya kusugulia masufuria, uzito ule ule. Ile ya stilwaya ilianza kupauka ungali unasaini kitabu cha wageni, na nyuzi zake zikavaa wekundu wa shaba. Ya msumari hadi sasa ni bluu. Chuma ni kile kile. Tofauti ni eneo la kugusana na maji. Mchemraba wa chuma wa sentimita 1 una eneo la sentimita 6 za mraba. Ukikatwa kuwa vijichemraba vya nanomita 100 kila upande (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya meta), eneo hilo linafika meta 60 za mraba, karibu sawa na sakafu ya darasa letu.

Hizo ndizo chembe nano za chuma, zinazotumika kusafisha maji yenye sumu. Mwaka 2000 Profesa Wei-xian Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, walizijaribu ardhini huko Trenton, New Jersey, dhidi ya viyeyusho vya kiwandani vilivyoingia kwenye maji ya chini. Walitumia chini ya kilo 2. Kwa metali, kromiamu yenye sumu kali hugeuzwa kuwa aina isiyoyeyuka kirahisi, ikatulia udongoni. Aseniki, sumu nyingine, hunaswa na ngozi ya kutu inayoizunguka chembe. Kutu tunayoilaani kwenye mabati, humo ndiyo inayofanya kazi.

Tumechagua mada hii kwa sababu tunaishi Geita. Katika miamba yetu dhahabu na aseniki ni majirani, na jiwe likipita kwenye karasha, vyote viwili hutoka nje. Wengi wetu ni watoto wa wachimbaji wadogo. Ada zetu zimetoka kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, kwa hiyo hatukuja hapa kuwasema wazazi wetu. Lakini marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yanarundikwa jirani na visima, na aseniki haina rangi wala harufu wala ladha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 tu kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Tulijaribu kutengeneza chembe wenyewe kwa majani ya chai na chumvi ya chuma, njia ambayo watafiti huitumia. Maji yaligeuka meusi papo hapo, tukashangilia mpaka darasa la jirani likachungulia. Mwalimu wetu wa kemia akachukua tone moja, akaandika nalo jina lake kwenye karatasi. Wino! Chai ikikutana na chuma hutoa wino, na weusi peke yake hauthibitishi kwamba umepata chembe. Bila darubini ya elektroni hatuwezi kujua tulipata nini, na ndiyo maana chupa ile hatukuiweka mezani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chembe hizi zina kasoro pia. Huvutana zikashikamana kuwa mabonge, na zikiwa kavu zinaweza kushika moto zikigusana na hewa. Sumu yenyewe haiondoki duniani. Imefungwa tu, na tope lake linahitaji pa kuwekwa. Kuhusu zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kunasa dhahabu, zile punje zinazong'aa kwenye karai hazishikani na chuma, ndiyo maana husafirishwa kwenye chupa za chuma. Chembe husaidia pale zebaki ilipokwisha kuyeyuka majini.

Kwa kijiji chetu, kwa maoni yetu, chuma cha kawaida kingetangulia. Profesa Abul Hussam, mzaliwa wa Bangladesh, alipata tuzo ya dola milioni 1 mwaka 2007 kwa chujio la aseniki lenye chuma na mchanga. Nepal wanatumia misumari yenye kutu juu ya mchanga. Misumari tunayo.

Tusichokuwa nacho ni kipimo. Tumeanza kuzungumzia dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Hivyo tuna maombi mawili. La kwanza, utusaidie sampuli za visima sita tunavyochota, kikiwemo cha shule, zifike maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kule Mwanza. Chupa tumeshaziandika majina. La pili, tupate vifaa vya kupimia aseniki hapa hapa shuleni, ili tupime kiangazi na masika.

Majibu yakitoka, tunaomba yasomwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji, hata yakiwa mabaya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.