Na sisi wa ziwani tunahitaji kulindwa

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari yenu ya mbunge aliyeongelea usalama wa taifa kule Dodoma imenikaa kooni wiki nzima. Kasema mipaka iko salama, sisi wananchi tuimarishe sungusungu na ulinzi shirikishi, tusiisubiri serikali kwa kila kitu. Sungusungu tunaijua, imezaliwa huku huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 80 watu walipochoka kuibiwa ng'ombe. Kijijini ukipiga yowe watu wanatoka na fimbo. Sasa majini saa nane usiku unampigia nani yowe? Na hiyo mipaka, Ziwa Victoria hili si ndio mpaka wenyewe? Ng'ambo Uganda, ng'ambo Kenya, hakuna ukuta wala geti.

Mwaka jana kipindi cha giza, mwezi hauonekani, mdogo wangu alikuwa anavua dagaa upande wa kisiwa cha Ukara na vijana watatu, likaja boti limezima taa, jamaa wana mapanga na bunduki moja, wakabeba mashine, betri, taa zote za sola, dagaa, simu, hadi koti la mvua, wakawaacha wanaelea. Kumbe kijana mmoja alikuwa kaficha kasimu kadogo chini ya nyavu, akanipigia analia. Nikakimbia kituo cha polisi usiku ule ule, naambiwa boti ipo lakini haina mafuta, kama naweza nichangie lita 40. Lita 40, saa tisa usiku, nazitoa wapi mimi mama wa dagaa? Nimekaa kwenye benchi mpaka kunakucha nikijua mdogo wangu kafa. Waliokuja kuwaokoa ni wavuvi wa sangara waliokuwa wanapita tu, saa mbili asubuhi. Mimi nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo mpaka leo kwenye pochi, na mashine ile niliikopea VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nalipa bado. Kinachoniuma zaidi, wiki hiyo hiyo boti la doria lilikuja mwaloni kwetu, pale boti za samaki zinaposhusha, kukamata nyavu haramu, mafuta yalikuwepo, askari walikuwepo, wakachoma nyavu wakaondoka. Sitetei kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, inatumalizia samaki. Nauliza tu kwa nini mafuta ya nyavu yanapatikana ya kuokoa watu hayapatikani.

Na tusisahau MV Nyerere, 20 Septemba 2018. Kivuko cha watu 101, wakafa 228, na kilipindukia karibu kabisa na gati la Ukara, watu wanaona kutoka nchi kavu. Usiku uokoaji ukasimamishwa. Fundi mmoja alitolewa humo ndani akiwa hai Jumamosi, siku ya tatu! Toka siku ile kila nikisikia kiongozi anasema tuko salama nawaza wale waliokuwa wanagonga bati humo ndani gizani.

Mheshimiwa akirudi bungeni aombe hivi: boti moja ya uokoaji ikae Bugolora, kule Ukerewe, ina mashine mbili, mafuta lita 200 kila Jumatatu, na BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia mwalo, waandike kwenye ubao yameingia mangapi na yametumika wapi, kila mtu asome. Na namba ya simu ipakwe rangi kubwa ukutani kila mwalo, iwe na mtu wa kuipokea saa nane usiku.

Muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza