Vijana wa farmasi wa Bukavu, andikeni hesabu kabla ya kushika chupa

Kwenu watoto wangu mnaojifunza kazi ya dawa, ninyi wa chuo na ninyi mnaouza nyuma ya meza za farmasi kuanzia Kadutu mpaka Panzi,

Nawasalimu wote. Nimezeeka kwenye mizani na kinu, na sasa kazi yangu ni kuwafundisha wengine. Nawaandikia kwa sababu ya jambo moja ninalolikuta kila mara nikiingia kwenye farmasi ya kijana: anahesabu kichwani. Mama ametoa karatasi ya daktari, watu wamejaa mlangoni, kijana anatazama juu kidogo, midomo inacheza, halafu mkono unakwenda kwenye chupa. Jambo hilo linanikosesha usingizi. Sisemi kwamba hamna akili. Nasema hesabu ya kichwani hakuna mtu mwingine anayeweza kuikagua, na hata wewe ukiulizwa jioni ulifikaje kwenye jibu lile, huna cha kuonyesha.

Basi iandikeni. Kila namba iwe na kipimo chake pembeni: mg, ml, kg. Namba iliyo peke yake msiiamini.

Tuchukue paracetamol, maana inatoka kila siku. Mtoto ana kilo 8. Mpimeni kwanza, msikisie kwa kumtazama wala kwa miaka anayotajiwa. Dozi ya mara moja ni mg 10 mpaka 15 kwa kila kilo. Tukishika 15, basi 15 mg × 8 = 120 mg. Hapo wengi wanaona wamemaliza, kumbe hatari ndiyo inaanza. Kwenye rafu hiyohiyo kunaweza kuwa na siropu ya 125 mg kwa 5 ml, yaani 25 mg kwa kila ml, na pembeni yake kichupa cha matone chenye 100 mg kwa kila ml. Kwa siropu, mtoto huyu anahitaji 4,8 ml. Kwa matone, 1,2 ml. Ukimwambia mama "mpe kijiko kimoja" bila kusoma kilichoandikwa kwenye chupa, na mkononi ana matone, amempa 500 mg, zaidi ya mara nne ya dozi. Paracetamol ikizidi inaharibu ini, na siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana hana shida yoyote. Kwa hiyo mama asiondoke na neno "kijiko". Mpeni sirinji isiyo na sindano, mvute dawa mbele yake, mwonyesheni mstari, kisha yeye mwenyewe arudie mkimwangalia.

Kuna jambo la mkato ambalo sisi wa mashariki ya Kongo linatuhusu kuliko wengine. Shuleni tumesoma kwa Kifaransa, ambako mkato unatenga desimali, nami naandika hivyo katika barua hii. Lakini maboksi mengi tunayopokea yameandikwa kwa Kiingereza, ambako desimali ina nukta na mkato unatenga maelfu. Boksi likisema 1,000 mg, hiyo ni gramu nzima. Ukilisoma kwa macho ya darasani umeona miligramu moja. Kabla ya kuhesabu, jiulize maandishi haya ni ya lugha gani. Na mnapoandika wenyewe, andikeni 0,5 pamoja na sifuri ya mbele, na msiandike kamwe 5,0, kwa sababu mkato ukififia mtu atasoma 50. Mikrogramu iandikeni kwa neno zima.

Mnakumbuka mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma na kisha Mwenga, ndoo za klorini zilikuwa kila mahali. Ya kunawa mikono ilikuwa 0,05%, ya kusafishia vitu vilivyochafuliwa 0,5%. Mkato umehama nafasi moja tu, na maji yamekuwa makali mara kumi.

Kuchanganya dawa nako kuna mitego ambayo kanuni ya tatu, ile hesabu ya uwiano ya kutafuta namba ya nne kutoka kwa tatu, peke yake haiioni. Mnataka lita moja ya alkoli ya 70% kutoka kwenye ile ya 96%. Hesabu ni 70 × 1000 ÷ 96, yaani 729 ml hivi. Vizuri. Sasa wengi wanatoa 729 kwenye 1000, wanapima maji 271 ml, wanamwaga, na wanashangaa lita haikutimia. Alkoli na maji vikikutana vinapata joto na ujazo unapungua. Pimeni alkoli 729 ml, ongezeni maji safi yaliyotayarishwa kwa dawa, acheni mchanganyiko upoe, kisha jazeni mpaka mstari wa 1000. Na pawe mbali na moto wowote! Kwenye chupa bandikeni nguvu yake, tarehe, jina la aliyetengeneza na jina la aliyekagua.

Artesunate ya malaria kali nayo naiogopa kwa sababu inaenda haraka. Kichupa cha 60 mg kinayeyushwa kwa 1 ml ya bikabonati yake. Kwa mshipa mnaongeza 5 ml za maji ya chumvi, inakuwa 10 mg kwa ml. Kwa msuli mnaongeza 2 ml za maji hayohayo, inakuwa 20 mg kwa ml. Mtoto wa kilo 14, ambaye yuko chini ya kilo 20, anapata 3 mg kwa kilo: 42 mg. Hiyo ni 4,2 ml kwa mshipa au 2,1 ml kwa msuli. Aliyeongeza maji ya njia moja na kuvuta ujazo wa njia nyingine amempa mtoto nusu, au mara mbili. Itumike ndani ya saa moja, kinachobaki kimwagwe hata kama moyo unauma kwa bei yake.

Simu ina kikokotoo, kitumieni, ila kwanza kisieni jibu liwe karibu na ngapi. Na anayekukagua asioneshwe jibu lako. Ahesabu tangu mwanzo kwenye karatasi yake, ndipo mlinganishe. Foleni itangoja, mkiwaeleza watu kwa heshima, wanaelewa.

Nawaachia kazi moja. Ampuli ya salfeti ya magnesi ni 50%. Daktari anataka 4 g kwa nguvu ya 20%. Mtavuta ml ngapi, na mtaongeza ml ngapi za maji ya chumvi? Andikeni hatua zote, mbadilishane madaftari. Mkipata tofauti na 8 ml za dawa na 12 ml za kuchanganyia, rudini kwenye asilimia: 50% ni 50 g ndani ya 100 ml, basi kila ml ina 0,5 g, na muanzie hapo tena.

Mama yenu wa farmasi,
Bukavu