Salamu za Idi kwa mtaa mzima, waliofunga na walio kwenye Kwaresima

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wetu, shikamooni.

Kwa niaba ya kamati ya mahusiano ya dini ya mtaa, tunawatakia Waislamu wote kumi la mwisho lenye kheri, funga yenye kukubaliwa na Idi ya furaha na amani. Wakristo tunawatakia Kwaresima njema mpaka Pasaka, Aprili 5. Mwaka huu Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 18, na mwezi wa Ramadhani ukaandama siku hizohizo, hivyo mtaa umeshinda na njaa pamoja na kulalamikia bei ya mchele na sukari kwa sauti moja. Walionunua tende tangu Rajabu walijua wanachofanya.

Umekuwa mwaka mzito. Tangu vurugu za siku ya uchaguzi, Oktoba 29, zipo nyumba zilizopungukiwa mtu. Nyingine zilisoma hitma, nyingine zikasomesha misa, na rambirambi zikaandikwa katika daftari lilelile. Kisha tukampoteza mzee wetu mchinjaji. Miaka yote mbuzi wa Krismasi wa mtaa huu walipita mkononi mwake, ndiyo maana sinia la pilau lilivuka kizingiti cha Mwislamu bila mtu kuuliza. Krismasi iliyopita masinia mawili yalirudi yamefunikwa vilevile yalivyotoka. Mimi katibu ndiye niliyeyapokea, na sikuwa na la kusema.

Basi salamu hizi zitasema habari ya kisu. Asiyeona uzito wake akumbuke Buseresere, Geita, Februari 2013: ugomvi wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji akauawa.

Vijana wawili wa madrasa wamekubali kushika nafasi ya mzee. Kisu kinolewe mbali na macho ya mnyama. Alazwe ubavu wa kushoto, aelekezwe kibla, ambayo kwa sisi wa Dar es Salaam ni karibu kaskazini kamili. Jina la Mungu litajwe, kisha koo, umio na mishipa miwili ya damu ikatwe bila kutenganisha kichwa. Asichunwe mpaka atulie kabisa. Hapa ndipo vijana huwa na haraka. Mkristo mwenye mbuzi wake asimame pale aone, ili akiulizwa ajibu kwa kinywa chake. Wapo Wakristo ambao dhamiri zao haziwaruhusu nyama hiyo, nao wasilazimishwe wala wasichekwe. Wapike zao, ila wasiziite za mtaa.

Nyama ikishachinjwa vizuri bado inaweza kuharibika njiani. Jiko la kuchomea lililoazimwa baa, ambako jana lilichoma kitimoto, linamfungia Mwislamu mlango hata kama mbuzi ni halali. Hali ni hiyohiyo kwa visu, vibao vya kukatia na mafuta yaliyokwisha kukaangia. Kuku wa friza asiyejulikana alikochinjwa aachwe. Keki iliyotiwa mvinyo itangazwe mapema, maana mtu akigundua ameshameza, msamaha wako hautoi kilichoingia tumboni.

Upande wa pili nao una masharti. Mwezi ukiandama Alhamisi, Idi itakuwa Ijumaa, na Ijumaa za Kwaresima Mkatoliki hali nyama. Hapa nyumba nyingi hukosea: mgeni anachokoa wali mkavu pembeni, mwenyeji anadhani amedharauliwa. Wekeni sufuria ya pili yenye wali wa nazi, na changu wa kukaanga. Kilo moja ya mchele hutosha watu wanane hadi kumi, kwa hiyo kilo mbili si mzigo kwa nyumba zikichangiana. Pweza, kamba na kambale Msabato hali, basi wasichanganywe kwenye mchuzi mmoja na changu. Na majirani zetu Wahindu wengi hawali nyama kabisa. Dengu zao zisiongezwe supu ya mbuzi eti zipate ladha.

Mkono wa Idi upewe kila mtoto anayebisha hodi, kiasi kilekile. Mtoto huijua haraka noti aliyopewa mwenzake.

Futari ya pamoja tuliikosea kwa hotuba. Siku hizi jua linazama baada tu ya saa 12 na nusu jioni. Mgeni rasmi akianza saa 12 na robo, adhana itamkuta kwenye utangulizi. Mwakani asemaye aseme baada ya Magharibi, dakika tano. Dua moja, sala moja, kila mmoja kwa maneno ya dini yake, na asiyeyakubali anyamaze kwa adabu. Mabango ya wafadhili yabaki kwao.

Vikao vya kamati vitakuwa Jumanne saa 10 na nusu, baada ya Alasiri. Ijumaa mchana tunawakosa Waislamu, Jumamosi Wasabato, Jumapili waliobaki. Wajumbe wanaosema hatuelewani wajiulize kwanza kikao waliitisha siku gani.

Ndugu zangu, Qurani inasema tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na Paulo katika Warumi 14 anaonya chakula kisiwe kikwazo kwa ndugu. Tunazijua aya hizi kwa moyo na tunazisoma kwenye vipaza sauti, huku jirani wa ukuta mmoja hatujui anakula nini. Mwulizeni! Kuuliza si ujinga. Muulize kabla ya kununua, kabla ya kuwasha moto, mumwulize na mama wa nyumba, maana ndiye anayejua sufuria ipi ilipika nini.

Mbuzi wa Pasaka watachinjwa Jumamosi Aprili 4, kuanzia saa 1 asubuhi. Wenye mbuzi waandikishe majina kwangu kabla ya Alhamisi Kuu jioni. Mikeka ya futari ambayo bado iko majumbani irudi kabla ya Idi, watu wapate pa kusalia.

Idi Mubarak. Kullu aam wa antum bikheir.