Tusimfiche daktari mitishamba

Mhariri,

Soko la Kibuye hapa Kisumu halikosi mwarobaini, tangawizi, shubiri wala vitunguu saumu, na sipingi matumizi yake. Tangawizi hutuliza kichefuchefu kweli. Linalonitia hofu ni wagonjwa kuchanganya mitishamba na vidonge vya hospitali kimyakimya.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akila kitunguu saumu kwa wingi kila siku anaweza kuvuja damu kupita kiasi. (Kile cha kuungia mchuzi hakina neno.) Mwarobaini unaweza kushusha sukari mwilini, ukiongezwa juu ya insulini, dawa ya kisukari, mgonjwa huenda akatetemeka, akatokwa na jasho, hata akazimia. Utomvu wa manjano wa shubiri nao huharisha na kupunguza potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, jambo la hatari kwa mgonjwa wa moyo anayemeza digoksini.

Wahudumu wa kliniki, ulizeni kuhusu mitishamba bila kumgombeza mtu, maana anayefokewa leo kesho atanyamaza. Nanyi wauzaji, kabla ya kumfungia mteja dawa, muulizeni anatumia vidonge gani.

Msomaji,
Kisumu