Tusiwakumbuke mashujaa wa Kaboya Julai 25 tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, walikolazwa askari wetu waliokufa katika Vita vya Kagera. Inapokaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, habari zao husikika redioni na magazetini. Siku ikipita, kimya.

Sisi wa Mwanza hatuna udhuru. Vita vile havikuwa vya watu wa ng'ambo ya ziwa peke yao. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa, vijana walitoka kila kona ya nchi, wengine wakiwa mgambo tu, wakasonga mbele hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Nilisimama mbele ya makaburi yale nikawaza jambo moja: kila aliyelala pale alikuwa na mama aliyemsubiri.

Nashauri shule zetu zinazopeleka wanafunzi kisiwani Saanane zipange pia safari ya Kaboya. Na hili ndilo la haraka zaidi: maofisa utamaduni wa halmashauri wawarekodi wapiganaji waliobaki. Kijana wa miaka 20 wakati ule leo ni mzee wa karibu miaka 70. Wanatutoka mmoja mmoja, na simulizi zao zinazikwa nao. Kazi ianze kabla ya Julai ijayo, na sauti hizo zitunzwe katika maktaba ya mkoa, mtoto yeyote aweze kuingia na kuzisikiliza.

Msomaji wako,
Nyamagana, Mwanza