Barua kwa binti yangu anayeingia studio

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Sisi hatujambo, mvua imeshuka na mamako ameshapanda maharagwe. Habari kwamba wewe na wenzako huko Lexington, Kentucky, mmepata siku za kurekodi albamu yenu ya kwanza imenifurahisha kuliko ulivyonisikia kwenye simu. Ila uliponiandikia kwamba itakuwa "nusu bluegrass, nusu honky-tonk", yaani nusu muziki wa mlimani wa vyombo visivyo vya umeme na nusu kantri ya baa, hiyo nusu kwa nusu haikunikaa vizuri, ndiyo maana nakuandikia barua nzima.

Kabla hamjaingia studio, kaeni wote msikilize Waitin' for the Sun to Shine ya Ricky Skaggs, ya mwaka 1981. Si santuri yake ya kwanza kabisa, alishatoa nyingine kwa kampuni ndogo, lakini ndiyo ya kwanza kuitoa na Epic, kampuni kubwa, na aliisimamia mwenyewe studioni. Miaka hiyo Nashville, makao makuu ya kantri, ilikuwa imeshikwa na kantri laini inayotaka kufanana na pop. Yeye, mtoto wa Kentucky hiyo hiyo unayoishi, akaja na nyimbo za Flatt na Scruggs na wimbo wa Webb Pierce, akaziweka kwenye albamu moja. Flatt na Scruggs ni bluegrass. Webb Pierce ni baa mpaka kucha.

Lakini hakusema hizi tano za mlimani, hizi tano za baa. Sikiliza "Crying My Heart Out Over You". Huo ni wimbo wa Flatt na Scruggs, lakini yeye kauvalisha mapigo ya ukumbi wa dansi. Kisha sikiliza "I Don't Care", uliompa Webb Pierce namba moja mwaka 1955. Skaggs akaurudisha namba moja mwaka 1982, na anauimba kwa koo la mtu aliyekulia kwenye bluegrass. Mchanganyiko umo ndani ya kila wimbo: sauti zinatoka mlimani, miguu iko baa. Mkipanga nyimbo kwa zamu mtapata kaseti mbili ndani ya jalada moja, na msikilizaji ataruka zile asizozipenda.

Na hilo koo halikuja hivi hivi. Akiwa na miaka 6 alipandishwa jukwaani na Bill Monroe, baba wa bluegrass, mzee akamvisha mandolini yake mwenyewe, kile chombo kidogo cha nyuzi. Alipokuwa kijana aliimba na rafiki yake Keith Whitley nyimbo za Stanley Brothers, ndugu wawili wa bluegrass. Usiku mmoja Ralph Stanley, mmoja wa ndugu hao, alichelewa kwenye shoo yake, gari lilipata pancha, na wale vijana wakaombwa kuwatumbuiza watu wakimsubiri. Mzee alipofungua mlango alidhani ni santuri zake zinapigwa. Akawachukua wote wawili kwenye bendi.

Nimefundisha kwaya, kwa hiyo niache nikuelekeze hapa. Sisi kanisani tumezoea wimbo kukaa juu kwa soprano na sauti nyingine zote kuja chini yake. Bluegrass wimbo unakaa katikati. Teno anapanda juu ya kiongozi, hata kama ni mwanamume, na baritoni anajibana chini, na zote tatu zinakaribiana kama vidole vya mkono mmoja. Enzi zile waliimba wakizunguka maikrofoni moja. Ukitaka kusikika unasogea, ukitaka mwenzako asikike unarudi nyuma, hakuna fundi wa kukupunguza. Kwa hiyo rekodini sauti zenu tatu pamoja, chumba kimoja, siku moja. Prodyuza atawaambia kila mtu aje siku yake ili aweze kurekebisha. Mkatalieni kwa heshima. Kupumua pamoja hakurekebishwi na kompyuta.

Upande wa honky-tonk kuna jambo mpiga drams wenu lazima alijue. Muziki ule ulikomaa kwenye baa za Texas na majimbo jirani, penye wafanyakazi wa mafuta, chupa zinagongana, watu wanacheza. Gitaa tupu halikusikika, ndipo wakaleta la umeme, la stili, na drams. Bluegrass ya Monroe haikuwa na drams. Kazi hiyo ilifanywa na mandolini, ikikata pigo la pili na la nne: chak, chak. Sasa drams zenu nazo zinataka kupiga pale pale. Kwenye ile rekodi mliyonitumia mwezi jana nimewasikia wakigombana, na wewe uko katikati unatafuta pa kuweka neno. Mmoja apishe. Kwenye beti mwachieni mandolini, kwenye kiitikio drams ziingie, au mfanye kinyume, lakini wasiongee wote kwa mpigo.

Kuna watu hapa mtaani wananicheka na kantri yangu, eti muziki wa Wazungu. Nawakumbusha kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi mabinti wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, na huyo si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi, aliyewafikia kwa santuri. Sisi tumo humu siku nyingi. Usiombe radhi kwa mtu jukwaani.

Nyimbo za pombe na talaka ziimbe, honky-tonk bila hizo ni uji bila sukari. Mchungaji nitaongea naye mimi.

Nitumie sauti zenu tatu kavu kwa WhatsApp kabla hawajaweka drams, hata kama kuna kukohoa. Na mamako anauliza kama picha ya jalada mtapiga na zile kofia. Mimi simo.

Babako