Barua kwa mwanangu kabla ya Jumamosi

Mwanangu,

Salamu utazikuta mwishoni. Kwanza nijibu hili: mkiwa mnacheza hiyo breakdance yenu, nani anaangalia nje?

Mdogo wako alinionyesha video ya onyesho lenu la mwezi uliopita. Niliitazama mara nne. Mara ya kwanza nilikutazama wewe tu. Mara ya pili nikawatazama wenzako. Mara ya tatu ndipo nikaliona duara lenyewe: nyuso zote ndani, migongo yote nje, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Na pale pembeni, upande wa spika, wanaume wawili wamesimama wanawahesabu kwa kidole. Hawapigi makofi, hawatikisi kichwa kufuata mdundo. Mara ya nne niliwatazama hao wawili peke yao mpaka video ikaisha. Ulipopiga simu ukasema, "Mama, hao ni watazamaji tu." Huenda. Lakini habari zao ulizipata kwangu, na wewe ndiye uliyekuwa pale.

Sasa Jumamosi mnakwenda mbali zaidi, kucheza palepale watu walipobomolewa nyumba, na waliozibomoa hawajaondoka. Sijakwambia usiende. Rudia kusoma: sijakwambia usiende. Nauliza nani anaangalia nje.

Tangu uhame hapa nimekuwa nikisoma mambo yenu usiku, kwa miwani ya baba yako maana yangu imevunjika mkono mmoja. Uliponisimulia asili ya mchezo huu ulianzia Agosti 11, 1973, kwenye ile sherehe ya Bronx, New York: binti Cindy Campbell anatafuta fedha za nguo za shule, kaka yake Kool Herc anapiga muziki, watu wanacheza mpaka usiku. Nilikuwa naosha vyombo, nikaacha nikusikilize. Ila hukuanzia 1971. Desemba ya mwaka huo, hukohuko Bronx, magenge yalikuwa yakiwindana mtaa kwa mtaa. Kundi la Ghetto Brothers lilikuwa na mtu wake wa kupatanisha, Cornell Benjamin, waliyemwita Black Benjie. Tarehe 2 alikwenda kuamua ugomvi, wakampiga mpaka akafa. Watu wakangoja vita. Mama yake alipofuatwa nyumbani alisema hataki kisasi. Siku sita baadaye magenge yakakaa kikao Hoe Avenue, yakaafikiana amani, na vijana wakaanza kuvuka mitaa ambayo awali hawakuthubutu kuikanyaga. Bila hilo, watu wa mitaa mbalimbali wangekutanaje kucheza kwenye sherehe moja?

Najua kwa nini uliiruka sehemu hiyo. Unaniona mtu wa kutishika upesi. Lakini mimi nikishafunga simu sibaki na magenge wala na kikao, nabaki na huyo mama. Wanamjia mlangoni, mwanawe hayupo tena, na wanamuuliza yeye ndiye aamue. Sitaki mtu yeyote aje kuniuliza mimi nataka nini. Nataka kuuliza mimi, sasa, mapema, na nijibiwe.

Halafu kuna Manizha Talash. Picha yake ulinitumia mwenyewe: Paris, Agosti 9, 2024, siku dansi yenu ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, ametandaza mabegani kitambaa cha buluu chenye maneno ya kutaka wanawake wa Afghanistan wawe huru. Alikuwa kwenye timu ya wakimbizi. Akashindwa na India Sardjoe wa Uholanzi, kisha wakamfuta mashindanoni kwa sababu ya maneno yale ya kisiasa. Ulidhani nitakemea. Nilisimama jikoni nikampigia makofi peke yangu. Msichana aliyelazimika kuikimbia nchi yake baada ya Taliban kurudi madarakani 2021, anapewa dakika chache dunia nzima ikimtazama, na dakika zenyewe anawapa waliobaki nyumbani. Hilo ni jambo kubwa, na wewe umelelewa uwe na moyo wa namna hiyo, sikatai.

Ila tazama tena picha ile. Alikuwa kwenye uwanja wenye taa, wenye kamera, na walinzi kila kona. Adhabu yake ilikuwa karatasi. Yenu itakuwa nini? Kibali kimeandikwa kwa jina la nani, na kiko mfukoni mwa nani? Mkitawanyika, mnakutana wapi? Simu ya nani ina chaji? Nilipokuuliza haya ulicheka, ukasema nyinyi ni familia. Familia ndiyo inayopaswa kujua nani hajarudi.

Kuhusu mchezo wenyewe nina la kusema pia, maana usidhani niliona wanaume wawili tu. Kile kipande cha godoro ndicho kilichonikamata. Watu sita, godoro limebebwa juu ya vichwa, muziki umezimwa, mnapita katikati ya watazamaji taratibu kama watu wasiojua waendako. Kisha mnalitua chini, wewe unalala, na unapoinuka unainukia mkono mmoja na kuganda hapo miguu hewani. Sikupumua. Baada ya hapo yule mrefu akashika kipaza sauti, akahutubia muda mrefu kuliko mlivyocheza. Mnyamazisheni. Godoro lilikuwa limeshasema, na waliofukuzwa nyumba zao walikuwa wamesimama mbele yenu, hawakuhitaji kuelezwa maana ya kufukuzwa.

Na mkimaliza msikimbilie gari. Mara ile mlikunja nyaya upesi mkaondoka, nao wakabaki na vifusi vyao. Kama mnawachezea wao, kaeni nao, bebeni mbao, sikilizeni. Video msiitoe yenye nyuso zao kabla hamjawauliza mmoja mmoja. Nyinyi mtakwenda zenu, wao kesho wataamkia palepale, na hao wa kuhesabu kwa kidole watakuwa na picha za kulinganisha. Hili nalo ni kuangalia nje.

Kofia uvae ukizungukia kichwa. Mwaka 2024 madaktari wa Denmark waliandika habari za mchezaji aliyezungukia kichwa kwa miaka 19 mpaka utosini pakaota uvimbe, ikabidi apasuliwe. Utaniambia wewe una miaka minne tu ya kucheza. Hata yeye alikuwa na minne wakati fulani.

Yale ya usiku ule ulipobeba mkoba wako unayajua, siyarudii. Tulisema wote wawili. Ila lile zulia la plastiki ulilokuwa ukifanyia mazoezi, usiendelee kuwauliza majirani. Liko chini ya pipa la maji, vipande viwili. Nilitoka kazini na hasira, na kisu kilikuwa karibu. Jingine lipo nyuma ya kabati, refu kuliko lile. Muuzaji alisema lisikunjwe, liviringishwe, nami sijaligusa tangu lifike. Na zile mara tatu nilizosema siwezi kuja kukuona kwa sababu ya kazi, kazi ilikuwepo mara moja.

Suruali zako mbili nimezitia viraka magotini, kwa ndani, visionekane. Ile nyeusi imechakaa mno, sijui unaiburuzia wapi. Nimeacha nafasi ya kuingiza sponji kama mnazo.

Salamu sasa. Baba yako mguu unaendelea vizuri, ila hakubali kutumia fimbo, na ukipiga simu mwambie wewe, mimi nimechoka kumwambia. Mdogo wako anamaliza mitihani Alhamisi. Anakuiga mbele ya kioo usiku akidhani tumelala, nami namwacha. Bomba la jikoni linavuja tena, fundi ameahidi mara mbili. Blanketi lako la kijivu analilalia yeye, kwa hiyo ukija njoo na la kwako. Kitasa cha mlango wa nyuma tumebadilisha, ufunguo ulio nao hauingii. Ukifika usiku gonga dirisha langu, si la sebuleni, hapo hakuna anayesikia.

Na hilo la kuangalia nje bado nalingoja. Kama mmepanga mtu, niandikie ni nani na atasimama upande gani. Kama hamjampanga, Jumamosi nimeomba ruhusa kazini na nimepewa. Kucheza sijui, lakini kusimama naweza kutwa nzima, nimewapa mgongo. Niambie gari linaondoka saa ngapi.

Mama yako